Kuku Nyuma ya Kioo

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa, ila mhuri wao haujakauka vizuri kwenye pasipoti yangu, na nina nia ya kurudi kule kula maharage. Msomaji akidhani anaijua, aijue kimoyomoyo.

Niliingia kwa miguu, nikiwa na mfuko mmoja na njaa ya siku mbili. Askari wa mpakani akaniuliza nimefuata nini. Nikamwambia napita tu. Akatazama fomu yake akasema hapa hakuna kupita, kuna utalii, kuna biashara, kuna utaalamu. Kwa utalii nilikuwa nimevaa vibaya, kwa biashara sikuwa na mzigo. Akaandika utaalamu, akagonga mhuri, akanitakia kazi njema.

Kwa miaka mingi kabla sijafika, nchi ile ilikuwa na kila kitu isipokuwa mgahawa wa kigeni wa kuku wa kukaanga. Majirani zao wote walikuwa nao. Kwenye mikutano ya marais, ikifika saa ya chai, wenzake walikuwa wakiulizana, "Nyinyi mna matawi mangapi sasa?" na Rais wa nchi ile akawa anainama kufunga kamba za viatu. Alifunga kamba miaka minne. Mwaka wa tano mgahawa ukaja, ukaitwa Kuku Upesi, ukajengwa katikati ya mji mkuu, mkabala na Posta, mahali ambapo saa saba mchana kila mwenye miguu hupita.

Ukuta wake wa mbele ulikuwa kioo kitupu, toka sakafuni hadi darini, na meza zote zilielekezwa barabarani, ili mlaji aonekane akila. Hilo ndilo lilikuwa fahari ya jengo. Rais akaja kukata utepe, akahutubia saa tatu kuhusu paja la kuku.

"Ndugu wananchi," alisema, "taifa changa husubiri wali uive. Taifa lililoendelea hupewa boksi, likala, likarudi kazini. Kuanzia leo sisi ni taifa la boksi."

Wananchi wakapiga makofi. Siku iliyofuata mgahawa ukaanza kuuza, na mteja wa kwanza akaingia. Huyo namfahamu. Alikuwa fundi cherehani, jina lake Mbaruku.

*

Mbaruku alinisimulia mwenyewe. Alinunua boksi la vipande viwili na chipsi, akaketi mbele ya kioo kama alivyoelekezwa. Kabla hajafungua, akapita mwenye nyumba wake.

Hapa lazima niwaeleze watu wa kule. Hawana makuu. Lakini wana jambo moja wanalolishika kuliko katiba: ukiwa unakula na mtu akapita anakuona, unamwambia karibu. Naye hujibu starehe, hugeuza uso upande wa pili ili asikuhesabie matonge, na huenda zake. Mtu mnayefahamiana unamkaribisha mara ya pili. Akikaribishwa mara ya tatu hawezi kukataa, itakuwa amekutukana. Na ukitafuna kimya huku unaonekana, habari hiyo itafika kijijini kwenu kabla hujajifuta mdomo.

"Sasa nifanyeje, mzee?" Mbaruku aliniambia. "Kioo kile. Yeye ananiona, mimi namwona. Nikampungia mkono, karibu. Akaingia. Nyuma yake shemeji yangu. Nyuma ya shemeji, mwalimu wa watoto na mkewe. Halafu imamu."

"Wewe ulikula nini?"

"Chipsi moja. Tena ile fupi iliyobaki kwenye kona ya boksi."

Wiki ile hakuna aliyefanikiwa kumaliza boksi lake. Wiki ya pili waliingia wawili watatu tu. Meneja wa Kuku Upesi, bwana mmoja nadhifu aitwaye Gervas, alisimama nyuma ya kioo chake akitazama umati ukipita, na umati ukawa unapita haraka, nyuso zimegeuzwa upande wa pili, kwa adabu.

Walikuwa wanaelekea kwa Bi Mashavu.

*

Bi Mashavu alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye banda la chakula ubavuni mwa Posta, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Alipika wali, maharage ya nazi, mchicha na dagaa. Banda lake lilizungushiwa pazia la khanga kuukuu, linaloanzia juu ya kichwa cha mtu aliyeketi na kuishia magotini. Kutoka barabarani huoni uso wa mtu wala sahani, unaona miguu tu. Na mguu haukaribishwi. Aliyetaka kula aliinua pazia akaingia, na akishaingia ni mlaji kama walaji wenzake, kila mtu na sahani yake.

Mimi nilifikia hapo siku ya kwanza, na kwa kweli sikuona sababu ya kwenda kwingine.

Meneja Gervas akaandika barua serikalini kwamba banda lile linamnyang'anya wateja kwa harufu. Waziri wa Mlo na Mwonekano wa Taifa akachukizwa sana. Ikapigwa alama ya X nyekundu kwenye nguzo ya banda: siku kumi na nne, kisha tingatinga. Lakini kwa kuwa nchi ile inafuata sheria, kabla ya kuvunja ilibidi kwanza ichunguzwe kama kuvunja ni sahihi. Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Sababu za Wananchi Kutokula, chini ya Mheshimiwa Kibwana Makorongo. Ikigundua kwamba sababu ni harufu, banda livunjwe. Ikigundua sababu nyingine, libaki.

Sheria yao ya tume inataka awemo mtaalamu mmoja kutoka nje. Wakapekua madaftari ya mpakani, wakakuta mmoja. Askari waliotumwa kuniita walinikuta bandani nimeshika kijiko.

"Wewe ndiye mtaalamu?" Bi Mashavu akaniuliza askari walipoondoka.

"Wameandika hivyo."

"Wa nini?"

"Hawakuniambia."

Akaniongezea maharage bila kuulizwa, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Nikuambie kitu, mzee. Wakinivunjia hapa sina pengine. Shamba nilimwachia kaka yangu, na mji huu kila kona ina mwenyewe. Ninachokijua ni hili sufuria na hawa watu. Basi huko kwenye Tume yako, usiwe mpole sana."

Nikamwahidi. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne, halafu kidogo gerezani kwa kosa ambalo halikuwa langu, halafu kidogo kwa mapadri. Sikujua hayo yatatosha.

*

Kazi ya kwanza ya Tume ilikuwa kupima harufu. Akatumwa Afisa Vipimo na chombo chenye mshale. Alikaa bandani siku tatu. Siku ya kwanza aliripoti kwamba harufu ipo, lakini kipimo kinahitaji kuthibitishwa kwa sahani. Siku ya pili alisema sahani moja kitaalamu haitoshi. Siku ya tatu alirudi amefungua kifungo cha juu cha suruali, akaiambia Tume kuwa harufu inaishia hatua saba kutoka bandani, na kwamba yeye binafsi angeomba ahamishiwe kituo hicho.

"Hatua saba hazivuki barabara," nikasema.

"Upepo je?" akauliza Meneja Gervas, aliyeruhusiwa kuhudhuria kwa sababu ndiye aliyeleta soda.

Hapo nikatumwa kuwahoji wananchi. Nilipewa fomu mia mbili. Swali lilikuwa moja: "Huli Kuku Upesi kwa sababu ya (a) kutofahamu faida zake, au (b) ujinga kwa ujumla?" Nilizunguka nazo siku nne, na sikupata mtu wa kutia alama kwenye (a), ingawa wawili walitia kwenye (b) ili niwaache waende.

Mwalimu mmoja aliniambia, "Mimi pale nakula. Siku za mvua kubwa tu. Watu wanapita wameinamisha vichwa."

Binti wa benki akaniambia yeye humwomba Meneja boksi tupu, akatia humo wali na dagaa wa Bi Mashavu, akapita nalo kaunta polepole. "Wenzangu wanajua nakula vya kioo," akasema. "Tumbo linajua lake."

Katibu mmoja wa wizara hula pale kila siku. Nikamwuliza anawezaje. Akanionyesha miwani myeusi. "Nikiivaa hii, mzee wangu, hakuna mtu anayeweza kuthibitisha kwamba nimemwona."

Na bibi mmoja muuza bahasha akanitazama kwa huruma. "Kwani kuku wao ni mbaya? Kuku mtamu. Nilionjeshwa. Ila mtu ale anaonekana na asiseme karibu, huyo amelelewa na nani?"

Nikayaandika yote nyuma ya fomu, kwa sababu mbele hapakuwa na nafasi, nikayasoma mbele ya Tume.

Nilipomaliza, wajumbe wote kumi na mmoja wakatazama meza. Wote walizaliwa nchi ile. Karani wa Tume, mtu mwembamba aitwaye Mlekwa, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kila neno na ambaye hakuwa na dhambi nyingine, akainua kalamu.

"Mheshimiwa, hii niitie kwenye (a) au (b)?"

Mheshimiwa Makorongo akafuta paji la uso. Alikuwa mtu mkubwa mwenye suti ndogo, na siku moja nilimwona akimeza mate pale bandani, amesimama nje ya pazia, akajifanya anasoma ile X. Akasema, "Mtaalamu ametusaidia sana. Kumbe tatizo si harufu wala kuku. Tatizo ni neno. Na neno, waheshimiwa, serikali inaliweza."

*

Kesho yake likatoka Tangazo. Nalinukuu kama lilivyobandikwa: "Ni marufuku kwa mtu yeyote anayekula kumkaribisha mtu yeyote asiyekula, iwe kwa mdomo, kwa mkono, kwa nyusi, au kwa kusogea kwenye benchi." Wakawekwa polisi wanne mbele ya kioo cha Kuku Upesi, kazi yao kutazama nyusi.

Nilidhani Bi Mashavu amepona. Nikaenda kumpa hongera. Alikuwa anachambua mchicha.

"Hongera ya nini?" akasema. "Wamesema sababu ni karibu. Sasa karibu wameifuta. Watu wasipokwenda kule kwenye kioo hata hivyo, watasema nini?"

"Watasema..."

"Watasema ni mimi. Kaa ule, mtaalamu."

Na kweli watu hawakwenda. Wachache waliojaribu ilikuwa taabu kuwatazama. Mwanamume mmoja aliona mama mkwe wake anapita, akajizuia nyusi kwa vidole viwili, machozi yakamtoka, akaacha boksi mezani akakimbia. Hakimu mmoja alikula chini ya meza. Mwingine alitafuna tonge moja dakika arobaini, halimezeki, mpaka polisi mmoja akamwonea huruma akageuka, ndipo likashuka.

Siku ya kumi na tatu Meneja Gervas akasimama mbele ya Tume. "Waheshimiwa, karibu imefutwa na bado hawaji. Kwa hiyo ni harufu. Tingatinga lije kesho."

"Karibu haijafutika," nikasema. "Imefutwa kwenye karatasi."

Mheshimiwa Makorongo akakasirika. Tangazo lile aliliandika kwa mkono wake. "Unataka kusema binadamu wa nchi hii hawezi kula mbele ya wenzake bila kuwakaribisha, hata akiamriwa na serikali?"

"Ndiyo nilichokiona, Mheshimiwa."

"Basi nitakula mimi." Akageuka kwa karani. "Andika, Mlekwa. Kesho saa saba mchana, mimi Mwenyekiti nitakaa mbele ya kioo, nitakula boksi moja. Nikilimaliza bila kukaribisha mtu, itakuwa imethibitika kwamba karibu si kizuizi, kizuizi ni harufu, na banda litavunjwa saa nane kamili. Nisipoweza, sababu ni karibu, banda litabaki. Na mpita njia awe mwenye banda mwenyewe, asije akasema amepunjwa."

Mlekwa akaandika yote.

*

Saa saba kamili ofisi zote zilikuwa wazi na hazina mtu. Nje ya kioo walisimama kama watu mia tatu, wajumbe wa Tume wakiwemo. Ng'ambo ya barabara, tingatinga lilikuwa linanguruma mbele ya banda, dereva wake amening'iniza miguu nje. Bi Mashavu aliwekwa hatua mbili kutoka kwenye kioo. Alikuwa amevaa doti mpya kabisa ya khanga, kama mtu anayekwenda msibani au harusini. Mimi na Mlekwa tulikuwa ndani, karibu na mlango, yeye na daftari, mimi na utaalamu wangu.

Mheshimiwa akaketi. Meneja Gervas akamletea boksi mwenyewe, akalifungua kwa ncha za vidole. Kuku walikuwa wekundu, wanatoa moshi. Mheshimiwa akatazama nje akiwa tayari, kifua mbele.

Nao wale watu mia tatu, kama walivyofundishwa na mama zao, wakageuza nyuso upande wa pili.

Hapo ndipo alipoharibikiwa. Alikuwa amejiandaa kwa macho. Hakujiandaa kwa visogo. Akashika paja, akalileta karibu na mdomo, akalirudisha. Akapuliza, kana kwamba ni la moto sana.

"Limeshapoa, Mheshimiwa," akanong'ona Meneja.

"Najua."

Akalishika tena. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya tai. Polisi wa nyusi nao walikuwa wamegeuka, ikawa nyusi za Mheshimiwa hazina mwangalizi, na zenyewe zilikuwa zimeanza kucheza.

"Dakika kumi na mbili," akasema Mlekwa. "Hajala."

Mheshimiwa akafumba macho, akafungua mdomo. Na hapo Bi Mashavu, bila kugeuka, akiwa anatazama banda lake na lile tingatinga, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa iliyopenya kwenye kioo:

"Starehe, mwanangu. Kula ushibe."

Sijui kama mnaelewa jambo lile lina uzito gani. Mtu hajakaribishwa, na amejibu. Amekushukuru kwa kitu ambacho umekataa kumpa, tena saa moja kabla hujamvunjia nyumba ya riziki. Mheshimiwa akakaa na paja mkononi, mdomo wazi, kama sinema iliyokatika. Kisha akalirudisha paja kwenye boksi, akalibeba boksi kwa mikono miwili, akasukuma mlango akatoka nje.

"Bi Mashavu," akasema. "Karibu."

"Starehe."

"Karibu, mama."

"Asante, mwanangu, starehe. Wewe una kazi."

"Mama, karibu."

Ilikuwa ya tatu. Bi Mashavu akageuka, akajifuta mkono kwenye doti mpya, akachukua chipsi moja. Akatafuna polepole. Watu mia tatu wakasubiri.

"Si mbaya," akasema. "Chumvi tu imezidi."

Huwezi kumkaribisha mmoja ukawaacha wengine wamesimama. Mheshimiwa akamgeukia Mbaruku, akamgeukia yule bibi wa bahasha, akawageukia polisi. Boksi likashika njia. Lilipita mkono hadi mkono, likavuka barabara, dereva wa tingatinga akazima mashine ili apate kutafuna vizuri, likazunguka upande wa Posta, likarudi. Lilipofika tena kwa Mheshimiwa lilikuwa na karatasi ya mafuta tu.

Meneja Gervas akaliona, macho yakamng'aa. "Boksi limekwisha," akasema. "Karani, uandike. Sharti lilikuwa boksi kwisha."

Mlekwa akatazama boksi. Akatazama daftari. Ni mtu mwaminifu, na nilimwona anavyoteseka. "Ni kweli, Mheshimiwa. Limekwisha. Niandike kwamba umelimaliza?"

Bi Mashavu alikuwa ameshika upindo wa doti yake kwa mikono yote miwili.

Mheshimiwa Makorongo akaangalia ndani ya boksi kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa boksi tupu. Nyuma yake kulikuwa na Waziri, kulikuwa na Rais na kamba zake za viatu, kulikuwa na Tangazo aliloliandika mwenyewe na ambalo alikuwa amelivunja mara kama mia tatu.

"Andika," akasema, "kwamba Mwenyekiti hajala."

"Hata kidogo?"

"Hata chipsi. Andika nina njaa, Mlekwa. Liwe kwenye kumbukumbu za serikali."

Mlekwa akaandika. Meneja Gervas akarudi nyuma ya kioo chake, akaketi kwenye meza iliyoachwa, na kwa mara ya kwanza nikamwona naye anatazama watu kama mtu anayetaka kuitwa. Dereva wa tingatinga akateremka. Mheshimiwa akalegeza tai, akamsogelea Bi Mashavu, akashusha sauti, ingawa barabara nzima ilikuwa inasikiliza.

"Mama, leo kuna nini?"

"Leo hakuna," Bi Mashavu akasema. "Sikupika. Ningepikaje, na nilikuwa nasubiri kuvunjiwa?"

Watu mia tatu wakatazamana. Ilikuwa saa nane kasoro, na hakuna aliyekuwa amekula zaidi ya chipsi moja.

"Basi kawashe," akasema Mheshimiwa. "Tutangoja."

"Maharage huchukua saa tatu kuiva."

"Tutangoja."

Bi Mashavu akavuka barabara na umati nyuma yake, akainua pazia, akainama kwenye jiko, kisha akatoa kichwa nje.

"Nani ana kiberiti?"

Tume nzima ikaanza kujipapasa mifukoni.